Kuzama kwa Nyuma ya Gari Linalokokota Tela la Kambi

Gari linapofungwa tela zito la kambi, yaani nyumba ndogo ya magurudumu ambayo wasafiri huikokota na kulala ndani yake, sehemu yake ya nyuma huzama na pua yake huinuka, na wenye magari wengi hulichukulia jambo hilo kuwa udhaifu wa springi ambao dawa yake ni springi ngumu zaidi. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu kuzama ni dalili tu ya badiliko lisiloonekana kwa macho, nalo ni kuhama kwa uzito kutoka ekseli ya mbele kwenda ekseli ya nyuma. Na dalili inaweza kuondolewa huku ugonjwa wenyewe ukibaki palepale.

Suala hili hujitokeza kwa uwazi mkubwa nchini Australia, ambako familia husafiri maelfu ya kilomita pamoja na matela yao, zikiwamo zinazopita Gibb River Road, barabara ya takriban kilomita 660 katika eneo la Kimberley, inayojulikana kwa changarawe yake yenye mawimbi. Pikapu zinazotumika sana kwa safari hizo, kama Toyota Hilux na Land Cruiser, katika matoleo mengi huruhusiwa kukokota hadi kilo 3,500, na mzigo unaoruhusiwa kulielemea tufe la kukokotea, yaani mpira wa chuma ulio nyuma ya gari ambao mkono wa tela hukaa juu yake, ni kilo 350. Uwiano huo wa asilimia 10 haukuwekwa ovyo, kwa kuwa tela ambalo mkono wake ni mwepesi mno huanza kuyumba kushoto na kulia mwendo unapoongezeka, na myumbo huo unaweza kukua hadi dereva akashindwa kulimudu gari. Amerika ya Kaskazini hupendekezwa asilimia 10 hadi 15, ilhali Ulaya, ambako matela ni mepesi zaidi na mwendo wake huwekewa mipaka mikali, kiwango huwa cha chini. Kwa hiyo mzigo wa mkono wa tela hauwezi kuondolewa wote. Kilichobaki ni kujua unakwenda wapi.

Na ichukuliwe pikapu ambayo ekseli zake zimeachana kwa mita 3, tufe lake liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na mkono wa tela umelilemea kwa kilo 250. Kwa kuwa tufe limetokeza nyuma ya ekseli, gari zima hugeuka kuwa wenzo, na ekseli ya nyuma huwa egemeo lake. Kilo 250 zikizidishwa kwa mita 1.2, kisha zikagawanywa kwa mita 3, jibu ni kilo 100, na huo ndio uzito unaoondolewa kwenye magurudumu ya mbele. Kilo hizo hazipotei, bali hulundikwa juu ya ekseli ya nyuma, ambayo sasa imeongezewa kilo 350, si zile 250 ambazo mwenye gari alidhani ameziweka.

Kiasi cha kuzama hufuata kanuni aliyoitangaza mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678, kwamba springi hubonyea kwa uwiano na kani inayoikandamiza. Ikiwa springi mbili za nyuma kwa pamoja huhitaji nyutoni 70 ili zibonyee milimita moja, kilo 350, ambazo ni sawa na takriban nyutoni 3,430, zitaishusha nyuma ya gari kwa milimita 49, na kwa kuwa pua huinuka wakati huohuo, tufe lililo nyuma zaidi hushuka kupita kiasi hicho. Nafasi inayobaki kabla ya ekseli kugonga vizuizi vya mpira vilivyo chini ya chasisi huwa ndogo, taa za mbele huwamulika machoni madereva wanaokuja, na tela lenyewe huinamia mbele. Hata hivyo madhara makubwa zaidi yako mbele, kwani magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki na kazi yote ya usukani, na yakipunguziwa uzito hupunguziwa pia mshiko wa barabara.

Hatua ya kwanza, ambayo haina gharama na kwa bahati mbaya ndiyo hupuuzwa zaidi, ni kupanga mizigo upya. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo tangi la lita 100 lililowekwa mbele ya ekseli ya tela huulemea mkono kwa namna ambayo tangi hilohilo juu ya ekseli lisingefanya. Mizigo mizito ikae karibu na ekseli ya tela, si mkiani, kwa kuwa ukinzani wa kitu dhidi ya kuzungushwa hukua kwa mraba wa umbali kutoka kitovu chake, na tela lenye uzito kwenye ncha zake, likishaanza kuyumba, ni gumu kutulizwa.

Springi ngumu zaidi zina nafasi yake, hasa pale springi za awali zimechoka. Ugumu wa springi ya koili hutegemea kipenyo cha waya wake kikipandishwa kwa kipeo cha nne, kiasi kwamba waya ulionenepa kwa asilimia 10 tu huongeza ugumu kwa asilimia 46. Springi hiyo hulirusharusha gari pindi tela linapofunguliwa. Shokomzoba, kwa upande wake, haibebi uzito huo hata kidogo, kwa kuwa kazi yake ni kutuliza mtikisiko. Ndiyo maana mifuko ya hewa, inayojazwa upepo wakati wa kukokota na kupunguzwa baadaye, inapendwa. Lakini kwenye pikapu zenye springi za vyuma bapa, ambazo huikamata chasisi katika sehemu mbili, mfuko uliowekwa juu ya ekseli huisukuma chasisi katika sehemu moja iliyo katikati ya hizo mbili, wakati mkono wa tela unaikandamiza kwa nyuma, na katika barabara mbovu chasisi za namna hiyo zimewahi kupinda. Tena, mfuko wa hewa huinua nyuma ya gari bila kurudisha mbele kilo 100 zilizohama: gari linaonekana limenyooka, na ekseli ya mbele bado ni nyepesi.

Kifaa kinachogusa chanzo ni kiungo cha kugawa uzito, chenye fito mbili za chuma cha springi zinazotoka kwenye kichwa cha kukokotea na kuvutwa juu kwa minyororo kutoka mkono wa tela, hivyo kulikunja gari upande ulio kinyume na ule wa kuzama. Katika mfano uliotajwa, ikiwa ekseli ya tela iko mita 4.5 nyuma ya tufe, kurudisha kilo 50 kwenye ekseli ya mbele huondoa takriban kilo 76 kwenye ekseli ya nyuma, na kilo 26 zinazobaki huchukuliwa na magurudumu ya tela. Kurudisha nusu ya uzito uliohama ni kiwango kinachopendekezwa sana, kwa kuwa kupita kiasi hulipunguzia gari mshiko wa nyuma. Fito hizo hazifai kwenye makorongo, ambako gari na tela hukunjana kwa pembe kali, na wapo watengenezaji wa magari wanaokataza zisitumike, jambo linalopaswa kuthibitishwa katika kitabu cha gari.

Hakuna springi wala mfuko wa hewa unaoongeza peke yake uzito ambao gari limeruhusiwa kisheria kubeba, na mzigo wa mkono wa tela huhesabiwa ndani ya uzito huo. Kabla ya kununua kifaa chochote, mwenye gari alipeleke kwenye mizani likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri, apime kila ekseli tela likiwa limefungwa na likiwa limefunguliwa, na ikiwa ekseli ya nyuma imepita kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, apunguze mizigo au atafute tela dogo zaidi.