Kabla ya Kufunga Sanduku la Walikale

Kwa miaka mingi uwanja wa ndege wa Walikale, mashariki mwa Kongo, ulikuwa kipande cha lami tu. Pale Kilambo, ndege ndogo zilitua barabarani, zikapakia madini ya bati kutoka machimbo ya Bisie, zikarudi Goma. Baadaye mambo yakawa magumu zaidi: Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma na uwanja wake ukafungwa, na Machi wakaingia Walikale mjini, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili.

Hata hivyo, wapo vijana wa ng'ambo wanaotaka kuja kujitolea kwenye vituo vya mayatima huku. Maandalizi yao huanza na yale yanayohesabika: viza, barua ya mwenyeji iliyothibitishwa na serikali, kadi ya njano ya chanjo, dawa za kuzuia malaria, bima (na bima nyingi hazigusi eneo la vita). Kisha vitu vya kuchezea na peremende. Orodha hiyo haina ubaya, ila imeruka swali la kwanza: watoto hao ni wa nani?

Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba duniani, angalau watoto wanne kati ya watano wanaolelewa vituoni wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Wakongo wana mfano wao wenyewe, na ni mchungu. Watoto wa upande wa Gemena, kaskazini-magharibi mwa nchi, walichukuliwa kwa madai kwamba wanapelekwa likizo Kinshasa. Baadhi yao wakaishia Ubelgiji, wameasiliwa na familia zilizoambiwa kuwa ni yatima. Vipimo vya DNA vilionyesha kuwa wazazi walikuwa hai, kijijini, wakisubiri likizo iishe. Tayari Septemba 2013 Kinshasa ilikuwa imesimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa, kwa hofu ya udanganyifu wa aina hiyohiyo.

Fedha ndizo chanzo. Mgeni huleta michango, michango huhitaji watoto wa kuonyeshwa, na mzazi aliyekimbia vita hana nguvu ya kukataa ahadi ya shule na chakula. Tena, mlango ulio wazi kwa kila mgeni hauchagui. Matthew Durham, kijana wa Oklahoma, alipokelewa kama mtu wa kujitolea katika kituo kimoja cha watoto Nairobi. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhulumu kingono watoto wa hapo. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya utalii wa kujitolea kwenye vituo vya mayatima. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilikwisha kuanza mwaka 2012 kuvifunga vituo vyake na kuwarudisha watoto kwenye familia.

Na Masisi, jirani ya Walikale? Mtoto aliyepotezana na wazazi wakati wa kukimbia risasi mara nyingi hapelekwi kwenye bweni. Hukaa kwa familia ya kupokea: mama wa mtaani ambaye mwenyewe huenda alipokea wakimbizi jana, akisaidiwa na mashirika kwa vyakula na sabuni. Wakati huo wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Kongo, wenyeji wanaozijua njia na lugha, huuliza kambi kwa kambi mpaka jina la baba au shangazi lipatikane. Watu wa kujitolea, basi, tayari wapo, na hawahitaji viza.

Wanyanga wa Walikale wasingeshangaa. Katika utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Rureke mwaka 1956, mtoto anayekataliwa na baba yake, chifu Shemwindo, na kutupwa mtoni ndani ya ngoma, hamtafuti mgeni. Anaelekea kwa shangazi yake, Iyangura.

Anayetaka kuja bado ana la kufanya, mradi abadilishe barua yake ya maombi. Muuguzi anaweza kuwafundisha wauguzi wenzake. Mhasibu anaweza kuliwekea hesabu shirika la wenyeji, kazi isiyopendeza pichani ila inayolipa mishahara kwa wakati. Kabla ya kununua tiketi aulize: nani alimleta kila mtoto, karatasi ziko wapi, wangapi wamerudi kwao mwaka huu, na je, atadaiwa cheti cha polisi? Kituo kisichomdai cheti hicho kimeshajibu.

Simu ya kupigia picha nayo ina sheria zake. Goma, shirika la CAJED limekuwa likiwapokea watoto waliotoka katika makundi yenye silaha. Sura ya mmoja wao ikiwekwa mtandaoni, pamoja na jina la kijiji, inaweza kumfikia kamanda aliyemtoroka kabla haijamfikia mama yake.