Je, Wajua? Tenda ya kaunti na ukurasa usio na namba

Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya 2015 inazitaka taasisi za umma, serikali zote 47 za kaunti zikiwemo, zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Cheti cha makundi hayo, cha mpango wa AGPO, hutolewa bure. Anayekudai "ya chai" anakuibia tu.

Wengi huangushwa na vitu vidogo. Sheria inataka kurasa zote za zabuni zipigwe namba mfululizo, hata nakala ya cheti cha ushuru uliyoichomeka dakika ya mwisho. Ukionewa, una siku 14 za kukata rufaa kwenye bodi ya mapitio ya ununuzi wa umma, nayo huamua ndani ya siku 21.