Kutoka Pemba hadi London, Kisha Fumba: Safari Ndefu ya Elimu ya Tiba

Mwezi Agosti 2003, kamati iliyokuwa ikifuatilia usalama wa utafiti mmoja kisiwani Pemba iliagiza sehemu ya utafiti huo isitishwe. Watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 walikuwa wakipewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki ili kuwakinga na upungufu wa damu, kama ulivyokuwa ushauri wa wakati huo kwa nchi zenye tatizo hilo. Ilidhihirika kwamba, mahali penye malaria nyingi, hatari ya watoto hao kufa au kuugua sana ilizidi kwa asilimia 12 ile ya wenzao wasiopewa. Matokeo kamili yalichapishwa na jarida la The Lancet, London, Januari 2006, na ushauri wa kimataifa ukabadilishwa.

Elimu hiyo ilitokana na watoto wa Pemba. Ilipaswa kumfikia muuguzi wa Fumba, huko kusini-magharibi mwa Unguja, ambaye kila wiki huletewa watoto waliopauka viganja. Njia ya kutoka London hadi kwake ilikuwa ipi?

Kwa zaidi ya karne moja njia kuu ilikuwa maktaba. Mwaka 1879 John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani, alianzisha Index Medicus, faharasa iliyoorodhesha makala za tiba kwa mada na kwa waandishi. Daktari wa Afrika Mashariki aliyebahatika kuwa karibu na maktaba aliifungua, akanakili jina la makala, akamwandikia mtunzi barua ya kuomba nakala, kisha akasubiri posta. Mgonjwa hakuweza kusubiri hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuja hatua ambayo leo imesahauliwa, nayo haikustahili kusahauliwa. Shirika la SatelLife, lililoasisiwa na daktari wa moyo Bernard Lown, liliunganisha hospitali na vyuo vya Afrika, Dar es Salaam ikiwemo, kwa satelaiti ndogo iliyopita angani mara chache kwa siku. Ikipita, hupokea ujumbe uliokusanywa na kushusha uliotoka ng'ambo. Kwa mara ya kwanza jibu la swali la kitabibu liliweza kupatikana kwa siku chache, si kwa miezi.

Mwaka 1997 faharasa ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilifunguliwa bure kwa umma kupitia PubMed. Hata hivyo kilichokuwa bure ni muhtasari. Makala kamili iliuzwa, na bei yake haikumkumbuka muuguzi wa visiwani. Ndiyo maana mpango wa HINARI, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, ulikuwa wa maana: taasisi za nchi kama Tanzania zilipewa maelfu ya majarida bila malipo, The Lancet likiwemo. Tena yakazuka majarida yasiyomtoza msomaji yeyote. Mwaka 2007 mojawapo, PLoS Medicine, lilichapisha habari za Wilaya ya Kaskazini A, Unguja: baada ya dawa mseto ya malaria kuanza kutolewa bure mwaka 2003, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 52 kati ya 2002 na 2005. Safari hii Mzanzibari aliweza kusoma habari za kisiwa chake bila kulipia.

Kusoma, lakini kwa Kiingereza, kwa lugha ya takwimu, na baada ya zamu ya usiku. Hapo ndipo teknolojia peke yake huishiwa nguvu. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kuanzia mwaka 2015, mradi wa PartoMa ulitumia chombo cha kale kabisa: kijitabu cha mfukoni. Miongozo ya kimataifa ya uzazi ilifupishwa pamoja na wakunga na madaktari wenyewe, ikalinganishwa na hali halisi ya wodi yenye wazazi wengi na wahudumu wachache, kisha ikafundishwa katika semina fupi. Watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Ulinganisho wa kabla na baada hauthibitishi kila kitu. Lakini tofauti hiyo si ndogo.

Simu nayo ina mipaka yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wajawazito 2,550 Unguja, ulionyesha kuwa waliotumiwa ujumbe na kupewa vocha za kupiga simu kituoni walijifungua zaidi mikononi mwa wataalamu: asilimia 60 dhidi ya 47. Faida hiyo ilikuwa ya wanawake wa mjini. Wa shamba hawakuipata. Fumba, kijiji cha wavuvi ambako tangu mwaka 2022 kampuni za teknolojia zinaalikwa kuweka makao, ina pande zote mbili hizo mahali pamoja.

Ushauri kuhusu madini ya chuma umebadilika tena. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linakubali watoto wapewe katika maeneo ya malaria, mradi kinga, vipimo na matibabu ya malaria viende sambamba. Utafiti wa Pemba haukuwahusu wajawazito. Mama aliyepewa vidonge kliniki aendelee navyo. Mhudumu aliyebandika ukutani mwongozo wa 2001, au hata wa 2007, anafuata ushauri uliokwisha kurekebishwa. Mwaka wa kutolewa mwongozo huandikwa kwenye jalada lake, nao ni wa kutazamwa kabla ya dozi. Mzazi naye ana haki ya kuuuliza.