Bibi Zetu Nao Wana Historia

Siku ya mazishi, kabla mwili haujapelekwa makaburini, mtu husimama na karatasi na kusoma historia fupi ya marehemu. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi mara nyingi huombwa tusaidie kuiandika, kwa kuwa tunajua tarehe za kulazwa na kuruhusiwa. Akifa baba, karatasi hujaa: shule alizosoma, kazi alizofanya, vyeo vyake kanisani. Akifa bibi, mistari ni minne tu. Alizaliwa, akaolewa, akazaa watoto tisa, akaugua. Kisha hutajwa hospitali alizotibiwa.

Ndivyo tulivyomzika bibi yetu mzaa mama, aliyezaliwa upande wa Iringa akaolewa Mbeya. Wajukuu tulikuwa wengi, na tulikuwemo walimu na wauguzi. Lakini hakuna aliyejua jina la mama yake bibi, wala sababu iliyowahamisha kutoka kwao. Tukaandika kwamba alikuwa mcha Mungu na mkarimu. Yalikuwa kweli, ila yangeweza kusomwa kwenye msiba wowote. Tulirudi nyumbani na aibu.

Ndugu msomaji, huenda ukadhani kwamba wanawake wa zamani wa kwetu hawakuandikwa kwa sababu hapakuwa na wa kuwaandika. Si kweli kabisa. Hapa hapa Mbeya alikuwepo mwanamke aliyeifanya kazi hiyo.

Aliyeketi kusikiliza Utengule

Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1895 wakafungua kituo Utengule, katika nchi ya Wasafwa. Huko alitumika mmisionari wa Kijerumani, Bibi Elise Kootz-Kretschmer. Alijifunza Kisafwa, akakusanya hadithi, desturi na masimulizi ya watu. Kitabu chake kikubwa juu ya Wasafwa kilichapishwa Berlin kati ya mwaka 1926 na 1929, juzuu tatu nzima.

Lakini kazi yake inayotugusa zaidi sisi akina mama ni ndogo kuliko hiyo. Aliandika maisha ya watu mmoja mmoja, kama walivyomsimulia wenyewe. Alimwandika mwalimu Msatulwa Mwachitete, na aliwaandika wanawake wawili waliopita katika taabu za utumwa: Narwimba na Chisi. Habari za wanawake hao zilitafsiriwa kwa Kiingereza na kutolewa London miaka ya 1930, katika kijitabu kimoja.

Hawakuwa malkia wala wake wa wakubwa wa serikali. Chisi alitekwa akiwa mtoto, akakulia mikononi mwa watu wasio ndugu zake. Hata jina lake limeandikwa kwa majina matatu: Chisi Ndjurisiye Sichyajunga. Narwimba alikuwa mke na mama. Alipofiwa na mumewe, alimwomba mrithi wa marehemu amchukue awe mkewe, apate ulinzi. Wakati ule wa vita na biashara ya watumwa, mwanamke asiye na mtu wa kumtetea aliweza kukamatwa na kuuzwa. Baadaye, akiwa bibi tayari, alihangaika kumnusuru mjukuu wake wa kike asitolewe kuwa fidia ya kosa la mtu mwingine.

Akina mama, tulisome jambo hilo polepole. Tukimwona mjane anakubali kurithiwa, ni rahisi kumhukumu. Narwimba anatuonyesha mwanamke aliyepima hatari zake zote na kuchagua ile ambayo ingewaacha hai yeye na watoto wake.

Miaka mingi baadaye, mwanahistoria wa Marekani, Marcia Wright, aliyekuwa ameandika juu ya misheni za Kijerumani za Nyanda za Juu za Kusini katika kitabu cha mwaka 1971, aliyarudia masimulizi hayo. Mwaka 1993 alitoa kitabu juu ya watumwa na wanawake wa sehemu hizi, na Narwimba na Chisi wamo. Kwa hiyo maneno ya bibi aliyeketi akasimulia maisha yake leo husomwa katika vyuo vikuu.

Kalamu ni ya nani?

Iringa nayo iliandikwa na mwanamke. Magdalene von Prince aliishi huko na mumewe Tom, ofisa wa Kijerumani aliyepigana na Mtwa Mkwawa, na mwaka 1903 alitoa kitabu juu ya maisha yake katika nchi hii. Lakini hayo ni maisha yake yeye. Mama wa Kihehe aliyekimbia na mtoto mgongoni Kalenga ilipoanguka mwaka 1894 hakuwa na kitabu chake.

Hata kwa Narwimba tuwe waangalifu. Maneno yake yalipita katika kalamu ya mmisionari, tena katika lugha ya kigeni, kabla ya kutufikia. Mmisionari naye alikuwa na yale aliyopenda kuyasikia. Tunamshukuru aliyeandika, lakini yafaa na sisi tushike kalamu, kwa lugha ambayo bibi mwenyewe angeielewa akisomewa.

Wala si jambo geni kwa Mkristo. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo, hakuishia kusifu imani yake. Alimtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kila mmoja kwa jina lake.

Tuanze nyumbani

Kazini mgonjwa akifika tunamwuliza maswali kwa utaratibu, na tunaandika palepale, maana kichwa husahau. Fanya hivyo na bibi, au mama mkwe. Nunua daftari. Mwulize jina la mama yake, na aliyemzalisha mtoto wa kwanza. Mwulize walihama lini na kwa nini, mahari ilikuwa nini, njaa gani anaikumbuka, watoto gani aliwazika. Usimharakishe. Akilia, funga daftari, mkae pamoja. Akisema jambo fulani lisiandikwe, usiliandike.

Mdogo wake bibi yetu yu hai. Tulipomwendea na daftari aliuliza kama kuna aliyefariki. Tukamjibu, "Hapana, bibi, ndiyo maana tumekuja." Akacheka, akavuta kigoda. Jina la kwanza alilotutajia lilikuwa la mama yao, lile tuliloshindwa kulisoma siku ya mazishi.

Mama mpendwa, bibi yako akiwa hai, usingoje siku ya msiba.