Inawaka, halafu inakufa: namna ya kutafuta ugonjwa wa gari la zamani lililobadilishwa moteri

Wandugu, mnajua mimi ni mutu wa agronomia, si wa mekaniki. Lakini tangu nimalize lisansi, kazi ya ofisi haijakuja, na niko nasaidia mambo ya nyaya katika garaji moja hapa Lubumbashi. Leo nataka niwaeleze ugonjwa mmoja wa gari, juu ulikula faranga za familia yetu bure, na juu dawa yake ilikuwa waya wa nusu metre.

Yaya wangu alinunua Toyota Supra ya mwaka 1988, ya usukani wa kushoto, iliyotoka Ubelgiji. Moteri yake ya kuzaliwa nayo ilikuwa 7M-GE ya litre 3, na moteri za 7M zinajulikana kwa kuunguza jwenti ya kilasi. Mwenye gari wa kwanza aliitoa, akaweka 1JZ-GE ya litre 2.5 iliyotoka kwenye Mark II ya Japani. Yaya aliipata bei ya chini juu ilikuwa imesimama. Mpango ulikuwa mwepesi: tuitengeneze, tuiuze, na sehemu ya faranga ilipe minerivali ya mdogo wetu wa kike mbele ya sesioni.

Ugonjwa ulikuwa huu: ukizungusha ufunguo, moteri inawaka. Ukiachilia ufunguo, inakufa. Kila mara, bila kukosa.

Fundi wa kwanza alisema, "Pompi ya esansi imekufa." Yaya akanunua pompi. Ikabaki vilevile. "Hiyo pompi ilikuwa ya uongo, leta ingine." Akaleta ingine. Vilevile. Mara ya tatu fundi akasema, "Basi tuipe umeme direkti kutoka kwa batiri, mambo yaishe." Hapo ndipo yaya aliniita: "Petit, kuja uangalie kwanza."

Soma dalili mbele ya kununua kitu

Shambani ukikuta mahindi ya manjano, hukimbilii urea. Unaangalia ni majani gani. Kama ni ya chini, na manjano inatoka kwenye ncha ikifuata mshipa wa katikati, unafikiria azoti. Kama ni majani machanga ya juu, urea peke yake inaweza kukupotezea faranga tu. Gari ni vilevile: wakati na mahali ugonjwa unapoonekana ndiyo habari ya kwanza, na ni ya bure.

Moteri ya esansi inahitaji vitu vinne: esansi, hewa, cheche, na mgandamizo ndani ya silinda. Ya yaya ilikuwa inawaka. Maana yake vyote vinne vilikuwepo, kwa muda ule ufunguo uko kwenye demareri. Kwa hiyo swali halikuwa "nini kimekufa?" Swali lilikuwa "nini kinakatika ufunguo ukirudi nyuma?" Pompi iliyokufa haifanyi kazi hata kwa sekunde mbili. Swali hilo peke yake lingeokoa bei ya pompi mbili.

Anza na batiri na masi

Nunua multimetri ndogo. Ile ya bei rahisi inatosha.

Batiri iliyopumzika na kujaa inaonyesha karibu volti 12.6. Demareri ikizunguka, isishuke sana chini ya 10. Moteri ikitembea, alternateri ilete kati ya 13.8 na 14.4. Kama hesabu hizi si nzuri, usiende mbele. Umeme dhaifu unatengeneza magonjwa ya uongo.

Kisha masi. Hapa ndipo gari nyingi zilizobadilishwa moteri zinaugua. Mutu akitoa moteri ya zamani, anakata kamba ya masi inayofunga moteri kwenye bodi, halafu anasahau kuirudisha. Kompyuta ya moteri nayo iko na masi zake, na kwa Toyota nyingi za wakati ule zinafungwa na bulo kwenye bomba la kuingizia hewa, juu ya moteri yenyewe. Bulo ikiwa na kutu au rangi chini yake, kompyuta inasikia vibaya.

Usipime masi kwa macho, wala gari ikiwa imelala. Weka ncha moja ya multimetri kwenye chuma cha moteri, ingine kwenye mguu wa kutoa wa batiri, halafu mwenzako awashe taa zote na azungushe demareri. Masi nzuri inapoteza volti kidogo sana, sehemu chache za kumi. Kwa Supra nilipata karibu volti 1. Tukafunga kamba nene mpya kati ya moteri na bodi, tukakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Demareri ikapata nguvu, lakini ugonjwa ule mkubwa ukabaki. Sawa. Angalau kitu kimoja kimetoka kwenye liste.

Esansi: angalia, sikiliza, pima

Chota esansi kidogo katika chupa nyeupe, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko esansi, yatakaa chini, utaona mpaka. Wenye kununua kwa Kadhafi wa barabarani, msiruke hatua hii.

Toyota nyingi za wakati ule ziko na kisanduku kidogo cha diagnostiki chini ya kapo. Ndani yake kuna matundu yameandikwa B+ na Fp. Ufunguo ukiwa kwenye "contact", unganisha hayo mawili na kipande cha waya: pompi inapaswa kulia. Ya yaya ililia vizuri, na tulipoiacha hivyo, moteri ikawaka na haikufa tena. Jibu tulikuwa nalo hapo: pompi nzima, filtri inapitisha, enjekteri zinafanya kazi. Kilichokosa ni amri ya kuiambia pompi "endelea".

Neno moja la usalama: moteri za enjeksioni za aina hii zinasukuma esansi kwa bari 2 na nusu na zaidi. Usifungue durite yake moteri ikiwa ya moto, wala pahali kuna sigara au makaa. Weka kizima moto karibu. Sisi tuliweka ndoo ya mchanga pia.

Rele, na waya unaoitwa Fc

Pompi haipati umeme kwa ufunguo moja kwa moja. Inapitia rele, na rele hiyo inafungwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni wakati wa demareri: umeme wa kuzungusha unaifunga. Ya pili ni waya wa Fc, unaoishika moteri ikishawaka.

Kwa moteri ya zamani, 7M-GE, waya wa Fc ulikuwa unaenda kwenye kipima hewa. Ndani yake kuna kibao kidogo. Hewa ikipita, kibao kinasogea na kugusa kontakti, rele inabaki imefungwa. Lakini 1JZ-GE haina kibao kile. Yenyewe inapima hewa kwa presha, na kazi ya Fc inafanywa na kompyuta: ikiona moteri inazunguka, inaweka Fc kwenye masi.

Sasa rudi kwa dalili yetu. Ufunguo kwenye demareri: njia ya kwanza inafanya kazi, pompi inalia, moteri inawaka. Ufunguo ukirudi: njia ya kwanza inakatika, na ya pili haipo. Moteri inamaliza esansi iliyobaki kwenye bomba, inakufa.

Tulifuata waya kutoka kwa rele. Tukaukuta umekatwa kule kipima hewa cha zamani kilipokuwa, umefungwa skochi nyeusi kama kidonda. Tukauunganisha na mguu wa Fc wa kompyuta mpya, tukatia soda, tukafunika vizuri. Ufunguo. Ikawaka. Yaya akaachilia mkono polepole kama mutu anayeogopa kuamsha mtoto. Haikufa.

Kwa nini usikubali "direkti"

Ungeniuliza: kama ukiunganisha waya mmoja pompi inatembea, kwa nini tusiiache hivyo? Juu siku ya aksida, moteri ikizimika na bomba ikipasuka, pompi ya direkti itaendelea kumwaga esansi juu ya chuma cha moto, na watu wako ndani. Rele ile na Fc yake viliwekwa ili moteri ikisimama, esansi nayo isimame. Ni sawa na fizibu: ya ampea 15 ikiungua, tafuta kilichoiunguza. Usiweke ya 30, usiweke msumari. Fizibu haikuungua kwa kupenda.

Nafupisha: dalili kwanza, batiri, masi, esansi, halafu amri ya rele. Kwa gari lililobadilishwa moteri, uliza kila waya wa zamani: ulikuwa unaenda wapi, na sasa nani anafanya kazi yako?

Supra bado iko nje ya garaji, inangoja mwenye kuinunua. Mdogo wetu aliingia sesioni kwa deni ambalo tunalilipa kidogo kidogo. Na pompi mbili ziko kwenye kabati: ile ya kwanza iliyotoka na gari, na ile ya pili iliyoitwa ya uongo. Nilizijaribu zote mbili. Zote nzima.