MTOTO WA SHULE ALIYEACHWA KITUONI

Ndugu msomaji, wewe uendaye kazini kila siku kutoka Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta au Kimara, mtoto huyu bila shaka umekwisha kumwona. Amevaa sare iliyopigwa pasi, mkoba mzito u mgongoni, na sarafu ya shilingi 200 ameifumbata kiganjani. Alitoka kwao saa kumi na moja alfajiri. Basi la kwanza limempita, la pili limempita. Katika la tatu kondakta amenyoosha mkono mlangoni akawazuia wote wenye sare, huku akiwahimiza watu wazima wapande. Wewe ukapanda. Jua likachomoza, naye bado yupo pale.

Sisi tulio ndani hushukuru kwamba tumepata pa kushika, tukajitia hamnazo. Leo yafaa tumfikirie mtoto huyo, maana huenda akawa ni wako. Na kama ni wako, huenda hujui analopitia, kwani urudipo usiku yeye amekwisha kulala.

HESABU YA TAJIRI

Ili tuelewe kwa nini mtoto hukataliwa, hatuna budi kuanza mbali kidogo. Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Baadaye mabasi yakachakaa na kupungua, watu wakazidi kuongezeka, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi yasaidie. Nauli ilikuwa shilingi 5, nayo sarafu hiyo watu waliiita dala. Ndipo lilipozaliwa jina la daladala.

Gari hilo lina mwenyewe, ambaye dereva na kondakta humwita tajiri. Kila siku humpelekea kiasi cha fedha walichopatana, kiitwacho hesabu. Hesabu ikitimia na mafuta yakalipwa, kinachobaki ndicho ujira wao. Desemba 2023 nauli ya mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa kutoka shilingi 500 hadi 600, bali ya mwanafunzi ikabaki 200. Basi, wanafunzi watatu hulipa sawa na mtu mzima mmoja. Kondakta si lazima awe na roho mbaya. Anapiga hesabu, na katika hesabu hiyo mtoto ni hasara. Hata hivyo huo si udhuru. Nauli ndogo ya mwanafunzi imewekwa ili asome, wala kondakta hana ruhusa ya kuigeuza kuwa sababu ya kumwacha njiani.

KATIKA MWENDOKASI

Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Huko nauli hulipwa kabla ya kupanda, wala hakuna kondakta mlangoni wa kuchagua abiria. Hilo ni jema kwa mtoto. Lakini kituo kikifurika asubuhi, mwenye nguvu ndiye aingiaye. Mdogo husukumwa nyuma, au huingia akabanwa katikati ya watu wazima hata akakosa hewa. Hapo amwachaye mtoto si kondakta tena, ni sisi.

Mtoto huyo hufika shuleni amechelewa, akaadhibiwa kwa kosa lisilo lake, kisha akasinzia darasani. Jioni mapambano huanza upya, naye hufika nyumbani giza limekwisha kuingia.

Kwa binti hatari huzidi. Huanza kwa wema: kondakta humwambia apande bure, au mwenye bodaboda humfikisha karibu na kwao bila kudai kitu. Siku zikipita, wema huo hudai malipo. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 imeweka kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mwanafunzi mimba; lakini kifungo huja baada ya madhara, na mzazi hutaka binti yake asidhurike kamwe.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mzazi, safiri naye siku ya shule, saa ile ile aondokayo, uyaone kwa macho yako. Mfundishe kusoma kibao cha gari na kuitambua rangi ya mstari wa njia yake, asifuate kelele za wapiga debe.

Pili, mbali na nauli yake, mpe akiba ya nauli ya mtu mzima, kwa ajili ya siku ambayo gari litakatisha njia na kumshusha mahali asipopajua.

Tatu, wazazi wa mtaa mmoja wapatane, watoto watoke pamoja, na wakubwa wawashike wadogo mikono. Ikiwezekana wapandie kituo cha mwanzo, ambako gari huwa bado tupu.

Nne, jioni usimwulize tu alichosoma. Mwulize pia alivyosafiri, na nani aliyempakia bure. Uliza kwa upole, kwani mtoto akigombezwa leo, kesho ataficha.

Tano, unapomchagulia shule, pima na njia. Shule yenye sifa kubwa iliyo mbali, ambayo humla mtoto saa nne kila siku barabarani, huenda isimfae kuliko ile ya jirani isiyo na jina.

Lakini wazazi peke yao hawatoshi, kwani mzazi hayupo kituoni. Waliopo ni mimi na wewe. Sauti ya abiria mmoja kondakta huipuuza; sauti za abiria watano humfanya aushushe mkono wake mlangoni. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nao wasingekosa kulisema hilo hata katika mlango wa daladala.

Kesho alfajiri, ndugu msomaji, gari litakaposimama, kabla hujaweka mguu ngazini, geuka utazame ni nani aliye nyuma yako. Kama amevaa sare, mpishe apande kwanza.