Benz ya Bei ya Vitz: Soma Hii Kabla ya Kutuma Pesa

Bonasi ya chai ikiingia, au viazi vikipata bei nzuri, simu huanza kuita. Mtu anakutumia picha ya Mercedes nyeusi, viti vya ngozi, rangi inang'aa, na bei iko chini ya ile ya Vitz ya majuzi. "Boss, ni ya haraka, mwenyewe anasafiri." Unaangalia picha, unaangalia salio, unaangalia picha tena.

Hatutakuambia usinunue. Gari hizi zilitengenezwa vizuri na zinaendeshwa kwa raha. Lakini kama unaishi Keringet, Olenguruone au upande wa Kamara, kuna hesabu ambayo muuzaji wa Nairobi hatakufanyia. Wacha tuifanye pamoja.

Kwanza, kwa nini ni bei rahisi? Sheria ya Kenya hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini. Kwa hivyo ile Mercedes ya 1992 au BMW ya 2006 unayopigiwa debe leo imekuwa kwa barabara zetu miaka mingi na imepita mikono kadhaa. Mwenye kwanza alikuwa na pesa ya kuitunza. Wa pili alijaribu. Wa tatu anakutumia picha. Hata kabla ya enzi za Nyayo hili lilikuwa gari la wakubwa, ndio maana watu walibuni jina "wabenzi". Tangu hapo bei ya gari imeshuka, lakini bei ya vipuri haikushuka nayo. Pampu ya maji haijui kwamba ulinunua gari kwa bei ya kutupa.

Maoni yetu ni haya: usitumie pesa yote kununua. Tuseme una KSh 450,000. Tafuta gari la KSh 320,000 na uache 130,000 kando kwa ajili ya miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu huo ndio wakati gari litakuonyesha yote ambayo mwenyewe alikuwa anaahirisha.

Kuresoi si Mombasa

Ukiwa umewahi kupika maharagwe Molo na kuyapika Kisumu, unajua tofauti. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka yakifika nyuzi 92 hivi, si 100. Sasa, injini ya Mercedes au BMW hufanya kazi kwenye joto la karibu nyuzi 90, nyingine hata zaidi. Kinachozuia maji ya radieta yasichemke ni presha, na presha hiyo inashikwa na kifuniko cha tangi la maji. Kifuniko kikichoka, mtu wa Mombasa anaweza kuendesha wiki nzima bila kujua. Wewe ukipanda kuelekea Keringet na abiria wanne na gunia la viazi kwa buti, maji yatachemka na kumwagika nje.

Hapo ndipo pesa huenda. Kichwa cha injini hizi ni cha aluminiamu. Kikipata joto kupita kiasi kinapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwa oili, na kazi iliyokuwa ya kifuniko kimoja inakuwa ya kufungua injini nzima. Kwa hivyo mambo ya kwanza ya kubadilisha, hata kama muuzaji ameapa kwamba ni mapya, ni kifuniko (presha yake imeandikwa juu, nunua chenye namba hiyo hiyo), themostati, mipira ya maji, na kwa BMW lile tangi la plastiki ambalo hupasuka likizeeka. Na tafadhali, si maji ya mto. Weka kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu. Mshale wa joto ukipanda, simama hapo hapo. Usiseme "nifike tu kwa duka la mbele."

Jambo lingine la mwinuko: injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hapa kwetu hiyo ni kama robo nzima ya nguvu. Gari likionekana zito tangu ulitoe Pwani, si lazima liwe limeharibika, ni hewa nyepesi tu. Mtu akikuambia ununue pampu mpya ya petroli kwa sababu hiyo peke yake, muulize alipima presha ya petroli ikawa ngapi.

Ni ipi basi?

Kwa barabara zetu na kwa mafundi tulio nao, W124 ndiyo ningechagua. Hii ndiyo Mercedes ya umbo la sanduku iliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi 1995 hivi. Ukipata ya dizeli, 200D au 250D, bora zaidi, kwa sababu pampu yake ni ya chuma na haitegemei kompyuta. Asubuhi za baridi ya Kuresoi zitakuonyesha mapema kama plagi za kupasha moto zimekufa: gari litakataa kuwaka saa kumi na mbili lakini saa sita litawaka bila shida. Za petroli za 1993 hadi 1995, fungua boneti uangalie nyaya za injini. Nyingi za miaka hiyo zilikuwa na ganda linalovunjika kama biskuti, na nyaya zikigusana gari linaanza vituko ambavyo fundi anaweza kuvitafuta mwezi mzima.

E-Class iliyofuata baadaye, W211, ni nzuri kwa macho, lakini zile za mwanzo, kabla ya mabadiliko ya 2006, zina breki za umeme zinazoitwa SBC. Pampu yake ina maisha yake, na ikifika mwisho ni bei ya kukufanya ukae chini. Zaidi ya hapo, fundi akibadilisha pedi za breki bila kuuzima mfumo huo kwanza, breki zinaweza kujifunga zenyewe na kumsaga vidole. Kama fundi wako hajawahi kusikia neno SBC, asiguse.

C-Class zenye maandishi ya Kompressor, za C180 na C200, sikiliza cheni ya injini. Cheni iliyolegea hupiga kelele sekunde chache tu gari linapowaka likiwa baridi, kisha inanyamaza. Ndio maana ukifika kuangalia gari unagusa boneti kwanza. Ikiwa na joto, mwenyewe ameliwasha kabla hujafika. Kunywa chai, ngoja lipoe. BMW E90 nayo ina tabia yake: ukibadilisha betri lazima kompyuta ya gari iambiwe, la sivyo betri mpya inachajiwa kama ile kuukuu na inakufa mapema.

Sasa tuje kwa simu yako

Usitume "kitu kidogo cha kushikilia gari" kwa mtu ambaye hujamwona. Gari la kweli lina namba, na namba hiyo unaitafuta kwenye eCitizen, huduma za NTSA, kwa ada ndogo unayolipia kupitia Paybill 222222. Utapata jina la mwenye gari na kujua kama logibuku imeshikwa na benki. Jina hilo lilinganishe na jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka PIN. Majina yakitofautiana, uliza. Jibu likiwa "hiyo ni laini ya bibi yangu", kutana na huyo bibi.

Kwa M-Pesa, kiwango cha juu kwa muamala mmoja ni KSh 250,000 na kwa siku ni KSh 500,000. Kwa hivyo gari la 320,000 utalilipa mara mbili, na hilo si baya. Lipa sehemu mkikubaliana kwa maandishi, na baki uitume wakati muuzaji ameanza uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya eCitizen na wewe umeuona kwenye yako. Logibuku ya mkononi peke yake haitoshi.

Vipuri ndiyo safari ndefu zaidi. Nakuru utapata vingi, vingine vitatoka Kirinyaga Road, Nairobi, vifike Molo kwa matatu. Kabla ya kulipa, tuma namba ya chesisi. Ya Mercedes W124 huanza na WDB, na tarakimu zinazofuata ni 124. Ya BMW mara nyingi huanza na WBA, na duka linahitaji herufi na namba saba za mwisho. Muuzaji anayekuambia "hizo zote ni sawa" bila kuomba namba hiyo atakutumia kitu kitakachorudi kwa matatu ile ile, na nauli ya mzigo ni yako mara mbili.

Lipa duka kwa Till ya duka, na fundi umlipe kazi yake kando. Ukimpa fundi yote mkononi "akanunue", hutajua kama ulinunuliwa kipya au kilichotolewa kwa gari lingine. Ukikosea namba ya mtu, sambaza ujumbe mzima kwa 456 mara moja, kabla pesa haijatolewa.

Kuhusu Fuliza, sitazunguka: ni ya kukuvusha kidogo kwa siku moja mbili. Gharama yake inaongezeka kila siku deni likikaa, na injini iliyofunguliwa hukaa wiki kadhaa ikingoja kipuri. Weka pesa ya gari mapema. Ukitoa KSh 150 kwa siku kutoka kwa maziwa, mwaka ukiisha una 54,750. Iweke mahali pa kufungia, kwa mfano akaunti ya kufungia ya M-Shwari, isikae kwa salio la kila siku ambapo inaenda na mikate.

Mjomba wangu Olenguruone ana 250D na hatupi ujumbe wowote wa malipo. Kila kipuri anaandika kwa daftari: tarehe, kilomita, duka, namba ya muamala. Wewe unaweza kupiga *334# uombe taarifa ya miamala, inakuja kwa barua pepe. Siku ya kuuza, mnunuzi akiuliza themostati ilibadilishwa lini, unafungua na kumwonyesha.